Kadi ya waifai haijaungua: soma namba yake kabla ya kununua nyingine

Mhariri,

Laptopu za ex-UK, zilizokwisha kutumika Uingereza, ndizo zinazotegemewa na vijana wengi wa Nairobi wanaojifunza Linux, FreeBSD na mifumo mingine ya ukoo wa Unix. Ni mashine ngumu, RAM huongezwa kwa urahisi na vipuri vyake havikosekani mjini. Lakini kuna kilio kimoja kisichoisha. Mtu anafuta Windows, anaweka Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, mashine inawaka bila matata, ila waifai haipo. Akiuliza dukani anaambiwa kadi imeungua. Anauziwa adapta ya USB, na mara nyingi hiyo nayo inagoma akifika nyumbani.

Sisi tunaoshika mashine hizi kila siku tunasema hivi: kadi iliyofanya kazi jana chini ya Windows haiungui kwa kubadilishiwa mfumo. Kinachokosekana karibu kila mara ni faili moja dogo, na jina la faili hilo mashine yenyewe hulitaja waziwazi kwa anayejua pa kusoma. Tunaomba nafasi tueleze pa kusoma, kwa sababu pesa zinazopotea hapo si za lazima.

Cha kwanza ni kuijua chipu. Kibandiko cha laptopu hakisaidii, kwani modeli moja ilitoka kiwandani na kadi tofauti. ThinkPad X230, kwa mfano, ziko zilizokuja na Intel Centrino Advanced-N 6205 na ziko zilizokuja na Realtek RTL8188CE. Kwa nje hazitofautiani hata kidogo, lakini kila moja inataka draiva yake, yaani programu inayouwezesha mfumo kuiendesha, na faili lake. Kwenye Linux fungua terminali uandike:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye maneno "Network controller". Ile kadi ya waya huandikwa "Ethernet controller". Mwishoni mwa mstari utaona namba mbili ndani ya mabano ya mraba, kama [8086:0085]. Ya kwanza ni ya mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Atheros. Ya pili ni ya chipu yenyewe. Hicho ndicho kitambulisho cha kadi, na ndicho cha kumpa yeyote unayemwomba msaada. Kumwambia fundi "nina HP" ni kumwacha gizani.

Chini ya mstari huo huwa kuna maneno "Kernel driver in use". Yakiwepo, kerneli, yaani kiini cha mfumo, imeishika kadi, tatizo liko mbele. Yasipokuwepo, hakuna draiva iliyoichukua. Na kama kadi haimo kabisa kwenye orodha, hapo sasa unaweza kushuku kifaa: imelegea kwenye soketi, imezimwa ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka), au kweli imekufa. Hii ndiyo tofauti ambayo dukani hutaelezwa ukiuliza, kwa sababu hakuna anayeiangalia.

Kwenye FreeBSD amri ni pciconf -lv. Kadi isiyo na draiva huanza na neno none, mfano none1@pci0:3:0:0, na yenye draiva huanza na jina la draiva hiyo, kama iwn0. OpenBSD husema yote kwenye dmesg, na kifaa isichokijua hukimalizia kwa "not configured". Kwa adapta za USB tumia lsusb kwenye Linux na usbconfig kwenye FreeBSD.

Sasa tuje kwenye faili lenyewe. Kadi nyingi za waifai zina prosesa yake ndani, lakini hazina mahali pa kuhifadhi programu ya kuiendesha prosesa hiyo. Kila zinapowashwa, draiva huisoma programu hiyo kutoka kwenye diski na kuipakia ndani ya kadi. Ndiyo inayoitwa fimwea. Draiva imo ndani ya kerneli na msimbo wake uko wazi, ilhali fimwea ni mali ya mtengenezaji na msimbo wake umefungwa. Kwa sababu hiyo Debian kwa miaka mingi ilikataa kuiweka kwenye diski yake rasmi ya kusakinisha. Msimamo huo ulibadilika mwaka 2023 ilipotoka Debian 12, ambayo hubeba fimwea na kuisakinisha yenyewe inapotambua kadi. Anayesakinisha kwa flashi yenye Debian 11 au ya nyuma yake ataendelea kukutana na ukuta uleule. Andika:

sudo dmesg | grep -i firmware

Kwa mwenye ile Intel 6205 jibu litakuwa karibu na hili:

iwlwifi 0000:03:00.0: Direct firmware load for iwlwifi-6000g2a-6.ucode failed with error -2

Mstari huo mmoja unatosha. iwlwifi ni draiva, nayo ipo na imeitambua kadi. iwlwifi-6000g2a-6.ucode ni faili inalolitafuta ndani ya /lib/firmware. Na "error -2" katika lugha ya Unix maana yake ni moja tu: faili halipo. Hakuna kilichoungua.

Si kila kadi inahitaji faili. Kadi za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k, zile za PCI, huwaka bila fimwea yoyote, ndiyo maana wakongwe wa FreeBSD na OpenBSD huzithamini hadi leo ingawa ni za zamani.

Utapataje faili la kukupa intaneti wakati huna intaneti? Njia nyepesi ni waya. Kadi ya waya ya X220 na X230, Intel 82579LM, hutumia draiva ya e1000e na haitaki fimwea. Chomeka kebo nyuma ya rauta ya faiba, na anwani itakuja yenyewe. Usishtuke kuiona ikiitwa enp0s25 badala ya eth0: jina hilo linaeleza mahali kadi ilipo, njia ya PCI (bus) namba 0, nafasi ya 25, ambayo lspci huiandika 00:19.0 kwa sababu yenyewe huhesabu kwa msingi wa 16. Laptopu nyembamba zisizo na tundu la waya hutumia adapta ya USB yenye chipu ya Realtek RTL8153 au ASIX AX88179, na zote mbili zina draiva kwenye Linux na kwenye FreeBSD.

Wasio na faiba nyumbani wana simu. Unganisha simu ya Android kwa kebo ya USB, ingia kwenye mipangilio ya simu uwashe kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona simu kama kadi ya waya, aghalabu usb0 au jina refu linaloanza na enx. FreeBSD huiita ue0. Isipotokea, andika kldload if_urndis, kisha dhclient ue0. OpenBSD huiita urndis0. Kebo iwe ya kupitisha data. Ziko kebo za kuchaji tu, zenye waya mbili ndani, na hizo zitakupotezea mchana mzima ukilaumu mfumo. Kumbuka pia kwamba mfumo mpya ukishaonja intaneti unaweza kuanza kujisasisha kwa mamia ya megabaiti. Kama data ya simu ni kidogo, sakinisha fimwea peke yake kwanza.

Kwenye Debian 12 fungua /etc/apt/sources.list na uhakikishe mstari mkuu unaishia hivi:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free-firmware

Matoleo ya nyuma huandika non-free mahali pa non-free-firmware. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install firmware-iwlwifi

Mwenye Realtek aweke firmware-realtek, mwenye Atheros za kisasa zinazotumia ath10k aweke firmware-atheros. Kama hakuna waya wala simu, pakua kifurushi hicho cha .deb kwenye kompyuta ya rafiki, kilete kwa flashi, na ukisakinishe kwa sudo apt install ./ ikifuatwa na jina la faili bila nafasi katikati. Baada ya hapo huhitaji hata kuzima mashine:

sudo modprobe -r iwlwifi
sudo modprobe iwlwifi

Ikikataa ikisema moduli (kipande cha kerneli kinachobeba draiva) inatumika, basi kuna moduli nyingine iliyoipanda: iwldvm kwa kadi za zamani kama 6205, iwlmvm kwa 7260 na za baadaye. Ondoa hiyo kwanza.

Kadi ikishawaka bila kuona mtandao wowote, usikimbilie kubadilisha tena. Andika rfkill list. Penye "Soft blocked: yes" dawa ni sudo rfkill unblock wifi. Penye "Hard blocked: yes" hakuna amri itakayosaidia, kwani redio imezimwa kwa swichi. ThinkPad za kizazi hicho zina swichi ndogo ubavuni ambayo husukumwa bila kujua mashine ikiingizwa kwenye begi. HP huwa na kitufe chenye alama ya antena juu ya kibodi. Na kwa waliobakiza Windows kando, zimeni kile kipengele chake cha kuwaka haraka, Fast Startup. Windows ikizimwa kwa mtindo huo haizimiki kikamilifu, na baadhi ya kadi huachwa katika hali ambayo Linux haiwezi kuzianzisha.

Kuunganisha ni kazi ndogo kwenye mfumo wenye NetworkManager, programu ya kusimamia mitandao:

nmcli device wifi list
nmcli --ask device wifi connect "Jina la Mtandao"

Ile --ask hufanya nenosiri liulizwe badala ya kuandikwa kwenye amri, lisije likabaki kwenye historia ya terminali. Nmcli ikisema kadi ni "unmanaged", fungua /etc/network/interfaces. Debian iliyosakinishwa kupitia waifai bila mazingira ya dawati huandika mtandao humo, na NetworkManager hukataa kugusa kadi iliyotajwa katika faili hilo. Weka alama ya # mbele ya mistari ya kadi hiyo, uache ile ya lo ilivyo, kisha uwashe upya huduma kwa sudo systemctl restart NetworkManager.

Rauta iliyowekwa WPA3 peke yake, aina mpya ya usalama wa waifai, huonekana kwenye orodha ya kadi kuukuu lakini nyingi hushindwa kuunganika. Iweke kwenye WPA2, au hali ya mchanganyiko. Wanafunzi wanaotumia eduroam, waifai ya vyuo ambayo hapa Kenya husimamiwa na KENET, mtandao wa taasisi za elimu, wanahitaji zaidi ya nenosiri: aina ya usalama iwe WPA-Enterprise, njia kwa kawaida PEAP, ya ndani MSCHAPv2, na jina la mtumiaji liandikwe zima pamoja na @ na kikoa cha chuo. Wengi hukwama kwa kuacha hicho kipande cha mwisho.

Kuna hitilafu moja inayowachanganya hata mafundi wazoefu, nayo haihusiani na kadi. Laptopu kuukuu mara nyingi betri yake ya saa, aghalabu CR2032, imeisha. Ikikaa bila umeme saa hurudi nyuma miaka mingi. Waifai inaunganika, ping (amri ya kupima kama mashine nyingine inafikika) inajibu, lakini kila tovuti ya https inakataliwa kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika, na apt inalalamika kwamba faili la Release "is not valid yet". Angalia kwa kuandika date. Rekebisha kwa mkono kwa sudo date -s, ukiweka tarehe na saa ndani ya alama za nukuu, kisha:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi
sudo timedatectl set-ntp true

Bei ya betri hiyo ni ndogo, ibadilishe. Wenye Windows kando watambue pia kwamba Windows huandika kwenye saa ya mashine saa za hapa, ilhali Unix hutarajia saa za UTC, na tofauti yetu ni saa 3. Mifumo miwili ikizozania saa, mmoja utakuwa mbele au nyuma kwa saa 3 kila unapohama.

Ukitaka kujua tatizo liko ngazi gani, anza na ip addr. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake rauta haikukupa kitu. Kama anwani ni nzuri, jaribu ping 1.1.1.1, kisha ping jina la tovuti yoyote. Namba ikijibu na jina likikataa, waifai ni nzima, kinachoumwa ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, na faili la kutazama ni /etc/resolv.conf.

Sasa Broadcom, ambako kweli kuna kazi. Kadi hizi ziko kwenye Dell, HP na MacBook nyingi, na kila chipu ina njia yake. BCM4312 yenye namba 14e4:4315 hutumia draiva ya b43, na fimwea yake huletwa na kifurushi firmware-b43-installer. BCM4313, 14e4:4727, hutumia brcmsmac pamoja na firmware-brcm80211. BCM43142, 14e4:4365, na BCM4360, 14e4:43a0, hazina draiva huria ya maana; zinataka ile ya Broadcom yenyewe, iitwayo wl, iliyo kwenye sehemu ya non-free (ongeza neno hilo kwenye mstari ule wa sources.list, kisha sudo apt update):

sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Amri hii hujenga moduli papo hapo kwenye mashine yako, kwa hivyo huvuta kikusanyaji (compiler) na vichwa vya kerneli (headers), mzigo mzito kwa data ya simu. Vichwa hivyo lazima vilingane na kerneli inayokimbia. Ukiwa umesasisha kerneli bila kuwasha upya, ujenzi utakuwa wa kerneli nyingine na moduli haitapakiwa. Ikimaliza, ondoa washindani kabla ya kuiwasha:

sudo modprobe -r b44 b43 b43legacy ssb brcmsmac bcma
sudo modprobe wl

Ukiona "Key was rejected by service", Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na saini mashine inapowaka, imewashwa na moduli uliyoijenga haina saini inayotambulika. Ithibitishe kwa mokutil --sb-state. Unaweza kusajili ufunguo wako, lakini kwa laptopu ya mwanafunzi kuzima Secure Boot ndani ya BIOS ndiyo njia fupi.

Mwenye 43142 anayetaka FreeBSD au OpenBSD asijisumbue. Abadilishe kadi. Na hapo kwenye kubadilisha kuna mtego ambao wauzaji wa vipuri wangefaa kuwatahadharisha wateja. ThinkPad za X220, X230, T420 na T430 zina orodha ndani ya BIOS ya kadi zinazoruhusiwa. Ukichomeka isiyokuwemo, mashine inasimama kabla ya mfumo kuanza na kuandika "1802: Unauthorized network card is plugged in". HP nyingi za wakati huo hufanya vivyo hivyo kwa ujumbe unaoanza na namba 104. Kadi haina kosa, mashine haijaharibika. Itoe na itawaka. Kwa mashine hizo nunua kadi yenye kibandiko cha namba ya FRU, yaani namba ya kipuri, ya Lenovo inayolingana na modeli yako, si kadi yoyote ya Intel inayofanana.

Umbo nalo lina mambo yake. Laptopu za kizazi hicho hutumia Mini PCI Express nusu, yenye upana wa milimita 30 na urefu wa karibu 27. Za baadaye hutumia M.2 ya ukubwa 2230, yaani milimita 22 kwa 30. Hata vichwa vya nyaya za antena havifanani: vya M.2 ni vidogo zaidi na havikai kwenye Mini PCI Express. Kwa M.2 kuna jambo la ziada. Intel 9560, AX201 na AX211 ni za mtindo wa CNVi, ambapo sehemu ya kazi ya redio imo ndani ya chipu za ubao wa Intel, hivyo haziwezi kuwaka kwenye laptopu ya AMD wala ya Intel ya zamani. AX200 na AX210 ni kadi kamili za PCI Express, hazitegemei chipu hizo za ubao. Tofauti ya AX200 na AX201 kwenye kibandiko ni tarakimu moja. Isome kabla ya kutoa pesa.

Unapofungua, toa chaja na betri kwanza. Nyaya za antena zing'oe kwa kuziinua wima, usivute pembeni, na unapozirudisha bonyeza hadi usikie zikibofya. Pembetatu nyeupe kwenye kadi ni ya antena kuu, nyeusi ni ya pili. Waya usiokaa sawa huleta dalili ya ajabu: mtandao unaonekana ukiwa kando ya rauta na unapotea ukivuka mlango. Pima, ukiweka jina la kadi yako lilivyo kwenye ip addr mahali pa wlp3s0:

sudo iw dev wlp3s0 scan | grep -E "SSID|freq|signal"

Ukiwa chumba kimoja na rauta, signal inapaswa kuwa karibu -40 au -50. Ikisoma -80 hapo hapo, fungua tena uangalie nyaya. Amri hiyohiyo hueleza kwa nini waifai ni nzito katika ghorofa za Pipeline au Roysambu. Hesabu mitandao iliyo kwenye 2412, 2437 na 2462, ambazo ni chaneli ya 1, 6 na 11, kisha uiweke rauta yako kwenye yenye watu wachache. Chaneli za katikati kama 3 au 8 hazisaidii, huingiliana na majirani wa pande zote mbili. 6205 inaweza gigahezi 5, tumia huko, RTL8188CE haiwezi. Na iw reg get ikionyesha "country 00", kadi inafuata sheria kali za dunia nzima na baadhi ya chaneli za gigahezi 5 zitafichwa. Amri sudo iw reg set KE huieleza iko wapi.

Kuhusu adapta za USB tuna maoni makali: usinunue kwa kutazama boksi. TL-WN722N toleo la 1 ina Atheros AR9271, mojawapo ya adapta bora kwa Linux. Toleo la 2 na la 3, boksi karibu lilelile, zina Realtek RTL8188EUS, kifaa tofauti kabisa. Namba ya toleo huandikwa kwa herufi ndogo karibu na namba ya mfululizo (serial). Adapta nyingine ndogo huingia kwanza kama CD yenye draiva za Windows, na lsusb huonyesha 0bda:1a2b. Hiyo haijaharibika, inahitaji kusukumwa:

sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b

Ikishageuka, kerneli ya 6.2 au mpya zaidi huendesha RTL8821CU na RTL8822BU kwa draiva yake yenyewe, rtw88. Kwa kerneli za nyuma ni lazima kujenga draiva kutoka nje, na kila kerneli ikisasishwa unaijenga upya.

Kwa wa FreeBSD, kosa kubwa ni kuipa iwn0 anwani moja kwa moja. Tangu FreeBSD 8.0 kadi halisi haiguswi. Unaunda wlan0 juu yake. Ndani ya /etc/rc.conf:

wlans_iwn0="wlan0"
ifconfig_wlan0="WPA SYNCDHCP"

Na ndani ya /etc/wpa_supplicant.conf:

network={
ssid="Jina la Mtandao"
psk="nenosiri"
}

Lipe faili hilo chmod 600, kisha service netif restart. Nenosiri liwe na herufi kati ya 8 na 63, na alama za nukuu ziwe zile zilizonyooka. Mistari iliyonakiliwa kutoka WhatsApp huja na nukuu zilizopinda, na wpa_supplicant huzikataa. Amri ifconfig wlan0 ikisema "status: associated", umefika. Fimwea kwenye matoleo mapya huletwa na amri fwget.

OpenBSD ni rahisi kuliko zote. fw_update huleta fimwea inayohitajika bila kuulizwa jina. Kama huna intaneti, pakua faili kutoka firmware.openbsd.org hadi kwenye flashi, uipachike kwenye /mnt, kisha fw_update -p /mnt. Halafu /etc/hostname.iwn0 huwa na mistari miwili:

join "Jina la Mtandao" wpakey "nenosiri"
inet autoconf

na sh /etc/netstart iwn0 humaliza kazi. Ila kwa eduroam itabidi usakinishe kifurushi cha wpa_supplicant.

Ombi letu kwa wauzaji wa laptopu wa Luthuli, Moi Avenue na wanaotangaza mitandaoni ni dogo. Mnaandika prosesa, RAM na diski. Ongezeni kadi ya waifai na namba yake. Kuipata hakuhitaji kufungua mashine: iwasheni kwa flashi yenye Linux, andikeni lspci -nn, nakilini mstari mmoja. Tangazo lingesomeka hivi: ThinkPad X230, i5, RAM 8, SSD 256, waifai Intel 6205 [8086:0085]. Mnunuzi wa Unix akiona hivyo anajua kabla ya kupanda matatu kama mashine itamfaa, na nyinyi hamtamwona akirudi kesho yake kudai mmemuuzia kadi iliyoungua.

Mafundi wa kompyuta,
Ngara, Nairobi